Take, Chukua, Tukua

Kiingereza nilikipatia Tudor, katika shule ya wasichana, kwa mwalimu mmoja aliyetoka bara. Mumewe alikuwa karani wa reli, naye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, mrefu, mpole wa sauti na mkali wa kalamu nyekundu. Jumatatu moja aliingia darasani, akaandika ubaoni neno moja tu, "take", akaweka chaki chini na kutuambia kwamba hatalifuta mpaka Ijumaa. Kila siku kila mmoja wetu alete sentensi yenye neno hilo, na maana iliyokwisha kuletwa isirudiwe.

Siku ya kwanza zilikuja zile nyepesi: kuchukua kalamu, kumeza dawa, kupiga picha, kupanda basi. Siku ya pili tulianza kutoka jasho. Mmoja akaleta ndege inayopaa, mwingine akaleta mtu anayevua viatu, na yote mawili ni "take off", tukabishana kama yahesabiwe moja au mawili. Mwalimu akasema ni mawili, kwa sababu rubani akivua viatu ndege haipai. Siku ya tatu wakaja mtoto aliyefanana na babake, mwenye duka aliyepokea biashara ya nduguye, na mjinga aliyetapeliwa sokoni. Wote hao wanaingia katika kitenzi kile kimoja, kwa kubandikwa kijineno tu nyuma yake.

Mimi nilileta kiapo.

"Na nyinyi watu wa Pwani mwasemaje?" mwalimu akaniuliza.

"Twala kiapo, mwalimu."

"Mnakila?"

"Twakila."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliandika ubaoni kwa Kiswahili, chini ya sentensi yangu: kula kiapo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuona Kiswahili kwenye ubao wa somo la Kiingereza bila mtu kuadhibiwa.

Ijumaa ilipofika, ubao ulikuwa umejaa mpaka pembeni, na sentensi nyingi zilikuwa zangu. Nilipewa kamusi, nikaibeba kifuani kutoka Tudor hadi kwetu Kibokoni, ili kila niliyepishana naye aione. Sikuona haya kushinda, na hata leo sioni. Baba, aliyekuwa fundi wa kushona kanzu, aliiweka juu ya kabati la vitambaa vyake, na mteja akija kupimwa alionyeshwa kamusi kwanza.

Kwa hiyo nilipoajiriwa kuwa mkalimani wa mahakama, hakuna aliyeshangaa nyumbani. Nilikula kiapo kwamba nitafasiri kwa uaminifu na kwa kadiri ya ujuzi wangu, nikapewa kiti kidogo kati ya meza ya hakimu na kizimba cha washtakiwa, nami nikakaa kana kwamba kiti kile kilichongwa kwa ajili yangu. Mahakimu wengi waliopita pale walikuwa watu wa bara. Kiswahili walikijua, lakini walikijua cha kwao, na mtu wa Mji wa Kale akianza kusema Kimvita chake walinigeukia. Niliipenda sana dakika ile ya kugeukiwa. Nilikuwa hodari, na nilijua kwamba ni hodari.

Katika mwaka wangu wa pili, masika yakiwa yamechachamaa, aliletwa mzee mmoja hamali.

Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mabega mapana, shingo fupi, kofia ya kushona kwa mkono ameikunja na kuishika kiganjani. Alishtakiwa kwamba ameiba makasha tisa ya daftari za shule kutoka ghala moja upande wa Kilindini. Nilimsomea shtaka kwa Kiswahili, polepole, kama inavyotakiwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza kama ni kweli au si kweli.

"Makasha naliyatukua, ni kweli," akasema, akatua kidogo.

Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye mafaili mengi mbele yake, hakulishika neno lile la Kimvita. Akanigeukia, kalamu i juu.

Nami sikungoja. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ile niliyojifunza Tudor, kwamba mshtakiwa anasema ni kweli aliyachukua. "It is true, I took them." Kalamu ikashuka. Mzee alikuwa ameshafungua kinywa tena, nikasikia waziwazi akisema, "Lakini..." Askari wa mahakama akamgusa bega, akamwambia amekwisha kujibu, aende akae. Nililisikia lile "lakini". Niliandika nambari ya faili iliyofuata.

Karatasi moja ya ushahidi ilikuwa haijafika, basi hakimu akaagiza maelezo ya kesi yasomwe saa nane mchana. Mzee akarudishwa chini mahabusu, kama mtu aliyekiri.

Saa sita na nusu nilitoka kwenda kununua chakula. Kwenye ukumbi wa nje, penye mabenchi, mwanamke mmoja wa umri wa mamangu aliniinukia. Alivaa buibui lililopauka kwa kufuliwa, na kikapu mkononi.

"Asalaam aleikum, mwanangu. Wewe si ndiwe ulokuwa ukisema na mume wangu?"

"Waaleikum salaam, mama. Ni mimi."

"Yu hali gani? Nimemletea mahamri, nimekataliwa kushuka. Asubuhi alitoka hakula."

Nikamwambia nitauliza kama kikapu kitaruhusiwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa ananitazama usoni kama mtu anayesubiri habari, nikamwambia kwa upole nilioweza kuwa mumewe amekubali shtaka, na huenda hakimu akamhurumia kwa sababu ya umri.

Hakulia. Alinikazia macho.

"Amekubali nini?"

"Kwamba makasha aliyachukua."

"Aliyatukua, ndiyo," akasema, kana kwamba nimemwambia kwamba kumekucha. "Asiyatukue kwani ana kazi gani nyingine? Mwanangu, yule amenitukua mimi mwaka wa thalathini na tano huu. Amenitukua mimi na watoto, amemtukua na mamangu hata alipokuwa hawezi kuinuka kitandani. Kesho akifungwa, nani atatutukua?"

Nilisimama pale na pochi yangu mkononi. Kama ni mazoea ya kazi au ni Mungu aliyenitia, sijui, lakini kichwa changu kilianza chenyewe kuyafasiri maneno yake kwa Kiingereza. "He has taken me for thirty-five years." Nikajisikia mpumbavu. Hakuna Mwingereza ambaye angeelewa kitu hapo. Mume wake alikuwa amemlisha, amemvika, amemtunza, amembeba. Kisha nikalirudisha neno lile kwenye mzigo, na hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Kwetu mchukuzi ni mtu anayebeba. Kuchukua mzigo ni kuutia begani. Hamali anapokwambia makasha ameyatukua, amekwambia kwamba yalikuwa mazito, na hajakwambia zaidi ya hapo.

Nililijua hilo tangu utotoni. Bibi yangu alikuwa akisema mtungi huu wachukua ndoo mbili, leso hii imekuchukua, yaani imekupendeza, na mimba aliiita kuchukua, na watu wawili wanaosikizana nyumbani aliwaita watu wanaochukuana. Akikukosea kidogo husema nichukulie. Yote hayo niliyanyonya na maziwa. Lakini sikuwahi hata siku moja kuyaandika ubaoni. Kiingereza nilikipa juma zima. Kiswahili nilikiona kama mlango wa nyumbani kwetu, unaoupita kila siku huku mawazo yako yako kwingine.

"Mama," nikamwambia, "nimekosea mimi. Yeye hakukosea. Nitalitengeneza."

"Litatengenezeka?"

"Litatengenezeka."

Nilisema hivyo nikiwa sijui kama linawezekana. Lakini nilijua kwamba nitasimama, na hilo lilinitosha kwa wakati ule. Nilichukua kikapu, nikamtafuta askari niliyefahamiana naye, mahamri yakashuka chini.

Kisha nikaenda kwa mwendesha mashtaka. Alikuwa kijana kutoka bara, si mtu mbaya, aliyekuwa akila viazi karai juu ya gazeti huku anasoma faili la kesi nyingine. Nilimwomba anionyeshe maelezo ya karani wa ghala. Yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza na karani mwenyewe, kwa mkono. Kwanza karani alisema aliingia zamu saa kumi, akachukua nafasi ya mwenzake, na kwa hilo alitumia "took over". Kisha akaandika kwamba, kwa alivyoambiwa, mshtakiwa "took off nine cartons" na baadaye kidogo mshtakiwa "took off". Alipohesabu mwenyewe, makasha tisa hayakuwapo.

"Unaona?" mwendesha mashtaka akaniambia. "Alitoroka nayo. Na mwenyewe amekubali."

"Hapa pa kwanza ameandika kwamba aliyashusha kutoka kwenye lori," nikasema. "Hapa pa pili ameandika kwamba aliondoka, kwa kuwa kazi ilikwisha. Hajaandika popote kwamba aliondoka nayo."

Akasoma tena, akitafuna.

"Ni neno lilelile."

"Ni neno lilelile, maana mbili. Ukiyashikanisha, ndiyo unapata mwizi."

Akajifuta vidole. "Wewe ni mkalimani, dada. Mawakili wako hapo nje wanatafuta kazi."

"Simtetei. Nataka kusahihisha jibu nililolitia mdomoni mwake."

Alijua vizuri kama nilivyojua kwamba mkalimani anayekiri kosa mbele ya hakimu anajichongea, kwa sababu kila aliyewahi kufungwa mbele yake ataanza kujiuliza.

"Mimi sitasema kitu," akaniambia. "Ukisimama, umesimama peke yako."

Saa nane mzee aliletwa tena. Kofia yake ilikuwa imenyooshwa vizuri sasa, kama mtu aliyekaa mahali akiipapasa kwa muda mrefu. Mwendesha mashtaka aliinuka na karatasi yake. Kabla hajaanza, nilisimama. Sauti haikutetemeka, nami naishukuru.

"Mheshimiwa, naomba kusahihisha kumbukumbu ya mahakama ya asubuhi. Kosa ni langu."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Endelea."

Nilimweleza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili mzee naye asikie. Nilisema kwamba neno alilolitumia mshtakiwa, kutukua, kwa watu wa Mvita, kwanza ni kubeba. Nilisema kwamba mimi nilimfasiria kwa neno ambalo, likiwekwa mbele ya shtaka la wizi, ni kukiri. Nilisema pia kwamba mshtakiwa alikuwa hajamaliza kusema, kwamba nilimsikia akiendelea, na kwamba sikumgeukia.

"Kwetu," hakimu akasema taratibu, "mtu akisema amechukua kuku wa jirani, kuku hayupo."

"Na kwetu, Mheshimiwa, akisema amemchukua kuku, nitamuuliza amempeleka wapi."

Watu wawili watatu walicheka nyuma. Hakimu hakuwakemea. Alimgeukia mwendesha mashtaka, naye akasema hana pingamizi. Hakusema zaidi, lakini alisema, na nilimwona ameikunja ile karatasi ya karani na kuiweka chini ya nyingine.

"Msomee upya," hakimu akaniamuru. "Na safari hii mwache amalize."

Nilimsomea. Nilipofika mwisho nikafunga mdomo, nikamtazama.

Mzee aliniitikia kwa kichwa. Wazee wetu hawaanzi kwa kukana. Huanza na lililo kweli, wakalipa haki yake, ndipo wakafika kwenye lisilo kweli, na mtu mwenye haraka hubaki kule mwanzo. Akasema:

"Makasha naliyatukua, ni kweli. Naliyatua kwenye lori, tisa, moja moja. Yule msimamizi wa asubuhi akanambia paa la ghala la kwanza linavuja, zile ni karatasi, zitaoza. Akanambia zitukue uzipeleke ghala la pili. Nikazitukua. Nikafunika kwa turubali. Nikaenda zangu kuswali alasiri. Mimi si mwizi. Nimemaliza, mwanangu."

Nilifasiri sentensi kwa sentensi. Kila alipotumia kitenzi chake nilitia "carry", na nilipofika kwenye ghala la pili nilimwona hakimu ameacha kuandika, anamtazama afisa wa upelelezi aliyekaa pembeni.

"Hilo ghala la pili," akamuuliza, "ulilikagua?"

Afisa alisema hakuambiwa kwamba kuna ghala la pili.

Hakimu alifuta jibu la asubuhi, akaandika kwamba mshtakiwa amekana, akamwachilia arudi nyumbani mpaka siku ya kutajwa kesi, na kumwagiza afisa akakague ghala lile. Mzee alishuka kizimbani. Alinipita bila kunitazama. Sikumlaumu.

Makasha yalikuwa pale. Yalikuwa tisa, nyuma ya marundo ya magunia, chini ya turubali, makavu. Msimamizi wa asubuhi alikuwa amesafiri bara kwa mazishi siku ileile aliyotoa amri, na simu yake haikushika mpaka aliporudi. Alipofika aliandika maelezo mafupi yaliyolingana na ya mzee neno kwa neno. Kesi iliondolewa. Mwendesha mashtaka alipoitangaza alinitupia jicho kidogo, kisha akaita inayofuata.

Mimi niliitwa na mkubwa wetu wa ofisi. Nilimweleza kila kitu, bila kupunguza na bila kulia. Aliniuliza kama ninajua kwamba watu watasema mkalimani huyu hajui kazi. Nikamwambia anayejua kazi ndiye anayejua mahali alipoharibu, na kama anataka kuniondoa, aniondoe kwa hilo. Hakuniondoa. Aliniambia niandike mambo hayo kwenye karatasi ili wenzangu wayasome. Nikaandika kurasa nne, nusu yake juu ya "take" na nusu yake juu ya kuchukua, na nilipomaliza ile nusu ya pili niliona kwamba ndiyo iliyonitoka kwa shida zaidi.

Mwezi mmoja hivi baadaye, siku ya pili ya Idi, mke wa yule mzee alimtuma mtu kuniita. Wanakaa karibu na Mlango wa Papa, chumba na ukumbi, ghorofa ya chini. Nilipeleka halua na kahawa. Tuliketi kwenye mkeka, tukala wali wa nazi na kuku wa kupaka, na mama mkwe wa mzee, ajuza asiyeona vizuri, alikaa kati yetu ameegemezwa kwa mito mitatu. Mzee ndiye aliyemtoa chumbani. Alimuinua kama mtu anayeinua sinia lililojaa, bila kumtikisa, akamketisha, akamtengeneza mtandio, ndipo akaketi mwenyewe.

Tulipokwisha kunawa mikono alianza kusema nami, mara ya kwanza tangu mahakamani.

"Mwanangu, nikuulize. Asubuhi ile, ulinielewa au hukunielewa?"

Nilikuwa nimejitayarishia majibu mengi. Nilisema lililo kweli. "Nilikuelewa, baba. Maneno niliyaelewa. Sikukusikiliza."

Alitikisa kichwa, akilipima.

"Kule chini nalikaa nikasema, huyu mtoto wa Kibokoni, babake ndiye alonishonea kanzu ya harusi. Akisema Kizungu mimi siyui asemalo. Lakini huyu ni wetu, hatanipotosha. Hilo ndilo lililonisumbua. Jela nisingeihofu sana. Kazi ni kazi, hata huko watu hubeba mawe."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe siku ileile ulosimama. Nalikusikia. Kizungu chako siyui, lakini nalisikia sauti ya mtu asemaye kosa ni langu. Hiyo haina lugha." Akamimina kahawa. "Sasa nna jambo jingine. Tulikuwa wawili kule chini. Alikuwako fundi wa tuktuk, mtu wa Tudor, naye alisomewa asubuhi ile mbele yako, naye alijibu maneno matatu. Yule je?"

Swali lile lilinipiga vibaya kuliko lile la kwanza. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimejisifu kimoyomoyo kwa kusimama. Sikuwa nimefikiria kwamba asubuhi ile kulikuwa na watu kumi na moja, na kabla ya asubuhi ile kulikuwa na asubuhi za mwaka mzima na zaidi.

"Sijui," nikamwambia. "Nitaangalia."

"Angalia," akasema. "Kisha unambie."

Mkalimani huwa na daftari zake mwenyewe, anamonukuu majibu haraka haraka kabla hayajapotea. Zangu zilikuwa kumi na mbili. Jumatatu nilizitoa zote kwenye saraka ya meza, nikazipanga juu yake, na kwa wiki mbili kila mapumziko ya mchana nilizisoma mstari kwa mstari. Nilitafuta mahali nilipoandika jibu la maneno machache. Nilitafuta kuchukua, kupiga, kula, kutoa, vile vitenzi vyetu vyenye mikono mingi. Mtu anaweza kusema amempiga mwenzake, kumbe amempiga picha, au amempiga chenga, au amempigia simu. Mtu anaweza kusema amekula hasara, ukamwandika kwamba amekula mali.

Fundi wa tuktuk nilimpata. Alishtakiwa kwa kuvunja kioo cha jirani, na chini ya jibu lake la maneno matatu nilikuwa nimenukuu maelezo marefu aliyoyatoa mwenyewe baadaye, ya ulevi na ya kujuta, mpaka bei ya kioo na fundi aliyempelekea. Hapakuwa na shaka. Nilirudi Mlango wa Papa kumwambia mzee. Alikuwa anakwenda kazini, kamba begani. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Akasema, "Basi alhamdulillahi," akaenda zake.

Lakini katika daftari ya tisa nilikuwa nimeona jingine.

Lilikuwa la mwanamke aliyefanya kazi za nyumbani kwa tajiri mmoja. Alishtakiwa kwa kuiba cherehani. Jibu lake, kama nilivyolinukuu kwa mkono wangu mwenyewe, lilikuwa hili: cherehani niliichukua, nikaenda nayo Makupa. Kwa Kiingereza nilikuwa nimemwandikia "I took it", basi. Nililisoma mara tatu. Nilijua nani yuko Makupa. Pale penye maduka ya vipuri kuna mafundi watatu wa cherehani, mmoja wao alikuwa rafiki wa baba, na kila mwenye cherehani mbovu kisiwani humu huishia kwao. Inawezekana kwamba aliiuza. Inawezekana pia kwamba aliibeba kichwani kwenda kuitengeneza, kama alivyotumwa. Mimi sikujua, na mahakama haikujua, kwa sababu sikumuuliza amempelekea nani.

Nilikwenda masijala kutafuta faili. Nililifungua kwa ukurasa wa mwisho kwanza, kwa sababu kama alikuwa amekwisha kufungwa, miezi ile ingekuwa shingoni mwangu. Hakuwa amefungwa. Hukumu ilikuwa ingali inangoja ripoti ya afisa wa probesheni, iliyocheleweshwa mara mbili, naye alikuwa nje kwa dhamana. Siku ya kurudi mahakamani ilikuwa Alhamisi ile.

Sikungoja Alhamisi. Asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya mfagiaji kumaliza, nikakaa kwenye benchi mlangoni kwa hakimu, faili mapajani na daftari yangu juu yake. Alipotokea na mwavuli wake uliolowa, nilisimama.

"Ni nini tena?" akaniuliza.

"Kuchukua, Mheshimiwa. La pili."

Alilisoma faili palepale amesimama, nami nikimweleza habari za mafundi wa Makupa, maji yakichuruzika kutoka mwavulini hadi sakafuni. Alisoma jibu, akasoma daftari yangu, akarudi kwenye jibu. Kisha akafungua mlango, akaniashiria niingie mbele yake, na kabla hajavua koti alimwita karani, akamwambia mwanamke yule aletwe, asomewe upya, na fundi wa Makupa atafutwe.